Mjomba Kibuyu Hataki Kuchekwa

Delmas Ratliff alipotangaza mezani kwamba anakwenda kurekodi santuri, mke wake Ozella alikuwa anafikicha mkate wa mahindi ndani ya bakuli la maharage. Hakuinua uso. Alitaka tu kujua ni nyimbo zipi, zile za kuangukiwa na besi au zile za kuvukwa na suruali.

"Nyimbo za uzee," Delmas akasema. "Za kweli. Hakuna mzaha hata mmoja."

"Za uzee." Ozella akatia kijiko mdomoni, akatafuna, akameza. "Hapo basi mtaji unao."

Delmas hakukasirika. Alikuwa na miaka karibu themanini na alijiona yuko sawa kabisa, shingo imekonda kidogo, magoti yanalalamika asubuhi, lakini sauti ipo na akili ipo. Alimwambia mkewe kwamba ng'ombe hazeeki maini. Ozella akamjibu kwamba ng'ombe huyo angefanya vizuri kwanza akapasue kuni, maana jiko linakaribia kuzima. Delmas akaenda kupasua kuni huku akiimba.

Bonde zima la Pigeon Lick, na mabonde mengine yote ya mashariki ya Kentucky yaliyokuwa na redio, yalimjua kwa jina la Mjomba Kibuyu. Desturi ya bendi za milimani ilikuwa kwamba mpiga besi ndiye mchekeshaji. Nani alianzisha, sijui, na wanaodai kujua ni waongo. Labda ni kwa sababu besi ya kusimama ni fidla kubwa kama mlango wa zizi, na mtu akionekana tu anaihangaikia, tayari watu wanacheka. Delmas aliipiga kwa ustadi wa kweli, lakini aliipiga amevaa kofia iliyokatika ukingo, suruali ya mtu mnene iliyofungwa kwa kamba, na jino moja la mbele limepakwa masizi lionekane pengo. Alizunguka hivyo kwenye mahema, kwenye kumbi za shule na kwenye kambi za wachimba makaa, tangu enzi ambazo barabara ya Pigeon Lick ilikuwa ni kijito chenyewe.

Mwenye bendi na mwenye sauti alikuwa Virgil Compton, rafiki yake wa utotoni. Virgil aliimba, Delmas aliharibu. Virgil akifika penye uchungu wa wimbo, akifumba macho, Delmas nyuma yake anaanza kulala juu ya besi, anakoroma, anaanguka. Mchekeshaji haimbi wimbo wa kweli. Akifungua mdomo ni kwa ajili ya kuuvuruga wa mwenzake. Hiyo ilikuwa kazi, na Delmas aliifanya vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, tena niliwaona wengi.

Virgil alipofariki, Delmas alisimama kwenye mazishi. Alivaa suti nyeusi, nywele amechana kwa maji, kofia ameiacha nyumbani. Akaanza wimbo wa dini ambao Virgil aliupenda. Akaimba mstari wa kwanza, akanyamaza avute pumzi. Ndani ya pumzi ile, mtu akacheka.

Kicheko cha msibani hakizuiliki. Kilikimbia benchi hadi benchi, watu wakijificha nyuma ya leso na nyuma ya vitabu, wakiona haya na wakizidi kucheka. Delmas akafanya alichozoea kufanya. Akalilegeza shavu moja, akatoa macho kama mtu aliyempoteza mbuzi wa jirani, na kanisa likapasuka. Baadaye watu walimshika mkono wakamwambia Virgil angefurahi mno. Alifika nyumbani akakaa mbele ya sahani ya chakula mpaka kikapoa, hakukigusa.

Aliyeanza kucheka alikuwa Ozella. Delmas alilijua hilo palepale. Utaishi na mwanamke tangu ujana, uzae naye watoto watatu, usikijue kicheko chake? Wavulana wawili walikuwa Ohio kwenye viwanda vya magari, na binti yao Wilma alifariki kwa homa akiwa mdogo, kaburi lake liko kilimani juu ya nyumba. Mtu mliyepita naye huko kote, hata kikohozi chake unakitambua gizani. Lakini Delmas hakumwambia kitu, na Ozella naye hakusema kitu, na maisha yakaendelea.

Basi hapo ndipo nyimbo za uzee zilipotoka. Tangu siku ile Delmas alikuwa na haja moja tu duniani: Ozella amsikilize wimbo mzima, mwanzo hadi mwisho, asicheke. Santuri ilikuwa kisingizio. Alijua kabisa kwamba akimwambia, "Kaa hapo nikuimbie," atamrushia kitambaa cha vyombo.

Aliyekubali kuirekodi alikuwa Lowell Tackett, bwana mmoja wa makamo aliyekuwa na studio mjini, ndani ya duka la zamani la chakula cha kuku. Siku za unyevunyevu studio ile ilinuka pumba. Lowell alizoea kurekodi vikundi vya kwaya, na aliposikia Mjomba Kibuyu anataka kuja, alimkubalia kabla hajamaliza kueleza. Delmas alipomwambia hakuna mizaha, Lowell alicheka kwa nguvu akimpigapiga mgongoni. Alidhani huo ndio mzaha wa kwanza.

Siku ya kwanza haikuzaa kitu. Wapiga vyombo walikuwa watu wazima wenye familia zao, lakini wote walilelewa kwenye magoti ya baba zao wakimtazama Mjomba Kibuyu akivukwa na suruali. Delmas alipokaribia kipaza sauti na uso wake mtulivu, mpiga gitaa akaanza kutikisika. Mpiga banjo akatoka nje kwa heshima. Estill, mpiga fidla mwenye mvi aliyewahi kusafiri naye na Virgil, alijitahidi kuliko wote, akang'ata mdomo mpaka machozi yakamtoka, kisha naye akashindwa.

Delmas hakutetereka. Aliagiza litundikwe pazia. Ozella aliposikia jioni kwamba mumewe ameimba nyuma ya shuka la kitanda, alisema angalau wamepata njia ya kumrekodi bila kuharibu mashine.

Pazia lilimaliza vicheko, likafichua tatizo jingine, na hili lilikuwa kubwa zaidi. Delmas aliimba mstari mmoja, vizuri, kwa sauti kavu yenye ukweli ndani yake, kisha akanyamaza. Vyombo vikasonga mbele bila yeye. Akaingia mstari wa pili akiwa amechelewa, akanyamaza tena, safari hii kwa muda mfupi zaidi. Lowell akasimamisha mashine, wakaanza upya. Ikawa vilevile. Wakampigia makofi ya kuhesabu, wakamgusa bega penye zamu yake, na Lowell akamwambia kwa upole kwamba umri ni umri, si aibu mtu kupoteza mapigo.

Estill akaweka fidla yake magotini. "Hajapoteza mapigo huyu," akasema. "Mjomba anangojea watu wacheke."

Hiyo ndiyo ilikuwa kweli yenyewe. Mchekeshaji akishatupa neno, hungoja. Hangojei kwa kuhesabu, hungojea kwa sikio: kicheko kikubwa unakipa nafasi kubwa, kicheko kidogo unakikata mapema, na ukiingia kabla hakijashuka umekiua. Delmas alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote, na sasa kila mstari aliouimba uliachiwa pengo mwishoni, mara refu, mara fupi, kwa kadiri watu wasiokuwepo walivyocheka. Estill alijaribu kuyajaza mapengo kwa fidla, akashindwa, maana hakuna aliyejua pengo litaisha lini, hata Delmas mwenyewe. Mazoea yana taabu.

Walihangaika siku kadhaa. Mwishowe Lowell alimkalisha kitako akamweleza alichofikiri. Alikuwa na utepe wa zamani wa maonyesho ya hema, una vicheko vya watu safi kabisa. Angeweza kuvikata akavitia kwenye yale mapengo, kila kimoja na saizi yake. Ingekuwa santuri nzuri ya kuchekesha, na ingeuzwa mpaka Ohio. Alisema hayo kwa nia njema, na ndiyo maana yalimuuma Delmas zaidi.

"Utepe huo utunze," Delmas akamwambia. "Siku utakayonizika, utauhitaji."

Akavaa koti. Mlangoni akageuka akasema atarudi na dawa. Hakuwa na dawa yoyote, lakini alisema kwa sauti ya mtu aliyeiacha kwenye gari.

Jumapili alimpeleka Ozella kanisani kama kawaida. Ozella alikuwa mshirika wa Wabaptisti wa kale, na Delmas hakuwa. Kwa watu wa kanisa lile si ajabu. Wengi hungoja kubatizwa mpaka mvi ziwashauri, na Delmas alikuwa hajamaliza kushauriana na zake. Kwa hiyo aliketi mabenchi ya nyuma pamoja na wanaume wengine wasiobatizwa, wanaokuja kwa ajili ya wake zao na chakula cha baada ya ibada.

Ndugu Elzie Mullins alisimama kuongoza wimbo. Kanisa lile halina kinanda wala gitaa, na hawataki. Kiongozi hutupa mstari mmoja, mbiombio, kama dalali mnadani, kisha hunyamaza. Waumini huupokea mstari uleule na kuuburuta polepole, kila mtu na mapindi yake, sauti zikipanda na kushuka kama mkokoteni kwenye njia ya mawe. Wakimaliza, naye hutupa mwingine. Hakuna anayehesabu. Mstari huisha watu wakimaliza kuuimba.

Delmas aliisikia sauti hiyo tangu tumboni mwa mama yake, hata alikuwa haisikii tena. Siku hiyo aliisikia. Elzie alitupa mstari, akanyamaza, akasimama pale mikono mfukoni bila wasiwasi wowote, akaliacha pengo likae wazi mpaka watu walipoingia ndani yake. Delmas akamshika mkono jirani yake, mchimba makaa mstaafu aliyekuwa anasinzia, akamwambia, "Umeona?" Yule akasema ndiyo, akaendelea kusinzia.

Njiani kurudi alimweleza Ozella kwamba anataka watu wa kanisa waje kuyajaza mapengo yake. Wakavuka daraja. Ozella akamkumbusha mambo mawili: kwamba watu wa kanisa lake hawaimbi nyimbo za redio, na kwamba hao ndio watu waliokuwa kwenye mazishi ya Virgil. La pili alilisema akitazama nje ya dirisha. Delmas alijibu kwamba analijua hilo.

Siku iliyofuata alikwenda kwa Ndugu Elzie. Alimkuta barazani anatunga maharage mabichi kwenye uzi ili ayaanike, sindano kubwa mkononi. Elzie alimkaribisha kiti na sindano ya pili, maana pale hakuna anayeketi bure. Delmas akatunga maharage na kueleza shida yake yote: nyimbo, pazia, mapengo, utepe wa vicheko. La Ozella tu ndilo alilolificha.

"Imba basi niusikie," Elzie akasema.

Delmas akaimba hapohapo, macho kwenye uzi:

*Mlima ni ule ule, miguu siyo ya jana;*
*kiti kimenizoea, sote wawili twaguna.*

*Majina niliyojua yahamia kilimani;*
*nikipita nawaita, waitika majanini.*

Sindano ya Elzie ilikuwa imesimama. Aliuliza kama kuna ubeti mwingine. Delmas akasema upo wa tatu, ila huo hajauimba mbele ya mtu, na hakuona haja ya kuuanzia barazani. Elzie alilikubali hilo, akatunga maharage machache, akafikiri.

"Wimbo wenyewe hauna dhambi," akasema mwishowe. "Lakini gitaa lisiingie. Wala usiimbwe ndani ya nyumba ya Mungu. Nitawaambia watu upo, na mwenye miguu atakuja. Kumlazimisha mtu, silazimishi."

"Na wakicheka?"

"Wakicheka? Kwani nani aliwafundisha, Delmas?"

"Mimi," Delmas akasema. "Mwalimu ni mimi, na somo nalibadilisha."

Elzie akamwambia kwamba kwa kiburi hicho angefaa kuwa mhubiri. Delmas aliyapokea kama sifa, akambebea mafungu ya maharage mpaka darini.

Jumamosi mchana Lowell Tackett alichungulia dirishani akaona malori ya mizigo yanaegeshwa mbele ya studio moja baada ya jingine. Wakashuka wazee. Wanawake kwa magauni yao ya Jumapili, wanaume kwa suruali za mkanda mabegani zilizopigwa pasi, na vikapu, maana watu wa Pigeon Lick hawaendi mahali mikono mitupu. Meza ya kuchanganyia sauti iliwekewa bakuli la maharage, keki ya tabaka za tufaha kavu na kuku wa kukaanga. Kabla ya lolote, kila mmoja alimshika mkono kila mwenzake chumba kizima, kama wafanyavyo kanisani, na Lowell naye akashikwa mkono na watu wote, wengine mara mbili. Alipojaribu kuwapanga kwa sauti za juu na za chini, waligoma. Wanawake wakakaa upande mmoja, wanaume upande wa pili, na mpiga gitaa akaambiwa kwa adabu akaweke chombo chake garini. Estill aliiweka fidla yake mwenyewe bila kuambiwa. Mama yake alikuwa wa kanisa lile, kwa hiyo Estill akaenda kusimama upande wa wanaume.

Ozella alisimama mstari wa mbele wa wanawake, mkoba mkononi. Asubuhi nzima hakuwa amemtania mumewe hata mara moja, na Delmas aliona hiyo si dalili njema.

Delmas akasema hataki pazia. Akavua kofia, akaiweka juu ya kiti, akasimama mbele yao na mvi zake. Alimtazama mkewe, akamwambia Lowell awashe.

*Mlima ni ule ule.* Akanyamaza.

Upande wa wanawake kicheko kidogo kikachomoza. Hakikuwa cha Ozella. Kikapata mwenzake kwa wanaume, kikaanza kutambaa. Delmas alilisikia shavu lake linataka kulegea lenyewe, kama mbwa anayesikia anaitwa. Akalizuia. Hakununa, hakukemea, wala hakutazama chini. Alisimama tu akawaachia kicheko chao bila kukipa kitu, na kicheko kisicholishwa hufa njaa. Mtu mmoja akakohoa. Chumba kikatulia. Akautupa mstari tena, mbiombio kama Elzie, na safari hii wakaupokea.

Jamani, waliupokea. Kuta zile nyembamba za duka la chakula cha kuku zilijaa. Walipofika pa kiti kuguna walitabasamu huku wakiimba, kwa sababu wote walikuwa na kiti cha namna hiyo nyumbani, na kutabasamu hakuzuii sauti. Ubeti wa majina yaliyohamia kilimani waliuburuta polepole kuliko wa kwanza, na Delmas alingoja bila kujua anangoja. Katikati ya sauti zote aliisikia ya Ozella, nyembamba, ya juu, inayopenda kuchelewa kidogo.

Akaingia ubeti wa tatu.

*Yuko mmoja wa kwetu hakuwahi kuzeeka.*

Wakaupokea. Sauti nyembamba haikuwemo.

Delmas akatazama. Ozella alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, kichwa ameinamisha, mabega yanamtikisika. Delmas aliyaona mabega yaleyale kwenye mazishi ya Virgil. Wimbo ulikuwa umebakiwa na mstari mmoja, na alijua jinsi ya kujiokoa: alegeze shavu tu, atoe macho, chumba kizima kicheke, na cha mkewe kipotee ndani ya vya wengine kama kilivyopotea siku ile. Ingekuwa rahisi, na hakuna ambaye angemlaumu. Watu wangemshika mkono.

Lakini wimbo ulikuwa wa Wilma, na ulitaka kumalizwa. Akautupa mstari wa mwisho, sauti imara, akimtazama mkewe aliyekuwa anatikisika:

*Miaka aliyoacha, sisi twamzeekea.*

Wazee wakaubeba. Waliubeba polepole hadi mwisho, wakaushusha, na kukawa kimya. Hakuna aliyecheka. Hapo Ozella akaondoa kiganja usoni, na Delmas akaona kwamba alikuwa analia. Hakuwa anadondosha machozi mawili matatu ya kanisani. Uso wote ulikuwa umelowa na mdomo umepinda kama wa mtoto, na Delmas, katika miaka yao yote, hakuwahi kuuona hivyo.

Akapiga hatua kumwendea. Hakukusudia, lakini shavu lilikuwa limeshaanza.

"Usithubutu," Ozella akasema. "Huo uso wako uache hapohapo ulipo."

Delmas akasimama.

"Siku tuliyomzika Wilma, kaburi halijafunikwa, ulinichekesha," Ozella akasema. Hakujali watu, wala mashine iliyokuwa bado inazunguka. "Nikacheka juu ya kaburi la mwanangu, na watu wakakusifu. Yalipokuja mafuriko yakachukua nyumba, ulinichekesha. Kila kilio changu ulikikata njiani, Delmas. Kwa Virgil nilikuona umesimama pale mbele umenyooka, hutanii, na kilio kikapanda. Kikakuta njia yake imeota majani. Kikapitia kwenye kicheko, ndiyo njia pekee kinayoijua. Nimekaa na aibu hiyo mpaka leo."

Delmas alisimama na mikono yake mikubwa ya kupiga besi ikining'inia, akamwangalia mkewe akilia, na hakufanya kitu chochote kumzuia. Lilikuwa jambo gumu kuliko kuimba. Wanawake wawili walitaka kumkumbatia Ozella, Ndugu Elzie akawazuia kwa mkono.

Baada ya muda Lowell Tackett akauliza kwa sauti ya chini sana kama azime.

"Asizime," Ozella akasema. Akafungua mkoba, akatoa leso, akapangusa pua, akaikunja mkononi tayari kwa kazi. "Rudia kuanzia mwanzo, mume wangu. Bado sijamaliza."

Delmas akautupa mstari wa kwanza, akangoja.